Chungu, Moyo na Daftari la Matumizi

Hotuba kwa wanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa pamoja na majirani waalikwa, Morogoro

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kikundi, Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, viongozi wetu wa dini, wazee wetu, akina mama na akina baba, vijana, na majirani wote mlioitikia mwaliko: Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Niliombwa nizungumze kuhusu lishe, na nadhani walioniomba walitegemea nije na lile bango la makundi ya vyakula ambalo wengi wenu mmeliona ukutani kliniki. Bango lile ni zuri, nami nimelifundishia kwa zaidi ya miaka 20 nikiwa muuguzi. Lakini tangu nilipostaafu na kukabidhiwa kazi ya kutunza hazina ya kikundi hiki, nimejikuta nikisoma kitu ambacho bango halikionyeshi, nacho ni daftari la matumizi ya nyumbani ambalo kila anayeomba mkopo kwetu hutakiwa kuja nalo. Katika madaftari hayo nimeona kwamba mambo matatu tunayoyazungumzia mbalimbali, yaani afya ya mwili, utulivu wa moyo na upungufu wa fedha, yote yanakutana jikoni, na kwamba mara nyingi tunalipa fedha ya ziada ili chakula chetu kiondolewe kile kilicho bora ndani yake. Hilo ndilo lililonileta mbele yenu leo.

Wahenga walisema: shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Walikuwa wameona kwamba chakula hakiishii tumboni, kwamba kinamgeuza mtu tabia, kinampa maringo au kinamnyong'onyeza. Ninachotaka kuongeza ni hali ya tatu, ambayo nadhani wahenga hawakuiona sana kwa kuwa mashine ya kukoboa ilikuwa haijafika vijijini kwao: hali ya mtu aliyeshiba na bado amelegea. Amekula, tumbo limejaa, sahani imekwisha, lakini hana nguvu, hana subira, na neno dogo linamwasha kama kiberiti.

Nianze na nyumba yangu, kwa sababu si haki kusoma madaftari ya wenzangu na kulifunika la kwangu. Kuna mwaka ambao watoto wangu, ambao leo ni watu wazima na wawili kati yao wamekaa pale mbele, walijifunza kusikiliza hatua zangu mlangoni. Nikirudi kutoka zamu, walinyamaza. Kikombe kikianguka nilipiga kelele kana kwamba nyumba inaungua. Mtoto akiniuliza swali la hesabu nilimjibu kwa ukali, kisha usiku nikalia peke yangu nikiamini kwamba nimekuwa mama mbaya. Asubuhi nilikuwa nakunywa chai ya rangi, mchana soda na biskuti kwa sababu foleni ya wagonjwa haikuniruhusu kukaa, na usiku ugali wa sembe kwa mchuzi wa nyanya, nikiushushia na chai nyingine. Kila siku nilipima wingi wa damu wa wajawazito, wangu sikuupima hata mara moja, hadi siku ambayo mwenzangu wa zamu alinishika uso, akalivuta kope la chini la jicho langu, akaona jinsi lilivyokuwa jeupe. Kipimo kilisoma gramu 8 kwa desilita. Kwa mwanamke asiye mjamzito, kiwango hicho hakitakiwi kushuka chini ya 12.

Nilipewa vidonge vya madini ya chuma, na ni lazima niseme wazi kwamba ni vidonge vilivyoipandisha damu ile, wala si mchicha. Mtu ambaye damu yake imeshuka kiasi hicho asidanganywe kwamba atapona kwa mboga peke yake. Lakini vidonge vilipokwisha, kilichoizuia damu isishuke tena kilikuwa chungu. Niliacha kunywa chai pamoja na chakula, maana majani ya chai yana kitu kinachoshikana na madini ya chuma ya kwenye mboga na nafaka yakashindwa kuingia mwilini. Siku hizi nakunywa chai yangu saa nzima baada ya kula. Nikaanza kukamulia limau kwenye mboga, kwa sababu vitamini C hufanya kazi iliyo kinyume na ile ya chai. Nikarudisha dagaa na maharage mezani. Baada ya miezi michache nilimsikia mwanangu mdogo, akidhani niko nje, akimwambia dada yake: «Mama siku hizi anacheka.» Sijawahi kupewa cheti kazini kilichonigusa kama maneno yale.

Sababu yake haina muujiza wowote. Ubongo wa binadamu ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zote ambazo mwili unatumia ukiwa umepumzika. Damu ndiyo inayoupelekea hewa safi na chakula chake, na madini ya chuma ndiyo yanayoiwezesha damu kuibeba hewa hiyo. Damu ikipungua, ubongo nao unapunjwa, na ubongo uliopunjwa hauna akiba ya subira. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba hapa Tanzania takriban wanawake 4 kati ya 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Tafadhali itazameni safu mliyokaa, hesabuni, kisha jiulizeni ni ugomvi kiasi gani wa nyumbani tunaouita tabia mbaya, au kiburi cha mke, au uvivu wa binti, ambao kwa kweli ulistahili kuanzia kwenye kipimo cha damu.

Wako watakaosema kwamba kuhusisha chakula na akili ni mambo mapya ya wazungu wenye nafasi. Naomba niwasimulie habari ya ugonjwa unaoitwa pelagra, kwa sababu ni ugonjwa wa watu maskini na ni ugonjwa wa wala mahindi kama sisi. Mwanzoni mwa karne iliyopita, kusini mwa Marekani, ugonjwa huo uliwashika watu kwa maelfu: ngozi ikiwaka na kubanduka, tumbo likiharisha, na mwishoni akili ikivurugika, kiasi kwamba wengi walipelekwa katika hospitali za wagonjwa wa akili na kufungiwa humo. Waganga wengi waliamini ni maambukizi. Mwaka 1914 serikali ilimtuma daktari mmoja, Joseph Goldberger, naye akagundua jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho ya kila mtu: katika hospitali hizo na katika vituo vya kulelea yatima, wagonjwa waliugua lakini wauguzi na wahudumu waliokuwa wakiwagusa kila siku hawakuugua. Tofauti ilikuwa sahani. Wagonjwa walilishwa zaidi unga wa mahindi, mafuta ya nguruwe na sharubati ya miwa. Alipowaongezea maziwa, mayai, nyama na mikunde, ugonjwa ulitoweka katika vituo vile. Baadaye, mwaka 1937, ikajulikana kwamba kilichokosekana ni aina moja ya vitamini B iitwayo niasini, ambayo katika mahindi imo kwa namna ambayo mwili hauwezi kuipata kwa urahisi, na mahindi yakikobolewa inapungua zaidi.

Na msidhani hayo yaliishia Marekani na karne iliyopita ikiwa changa. Mwaka 1990, kwa jirani zetu Malawi, wakimbizi kutoka Msumbiji zaidi ya 17,000 waliugua pelagra katika miezi michache. Walikuwa wakipewa mahindi, na njaa ya tumbo haikuwa tatizo lao kubwa. Kilichotokea ni kwamba katika mgawo wao kulikuwa na karanga, na ugavi wa karanga ulikatika. Karanga, ndugu zangu: kitu ambacho mtoto wa mtaani kwetu anakiuza kwenye vikaratasi vilivyosokotwa, ndicho kilichokuwa kimesimama kati ya watu wale na ugonjwa unaoharibu ngozi na akili.

Sasa turudi mashineni kwetu. Mwanamke anakwenda na debe lake la mahindi, tuseme kilo 20. Kwanza analipia kukoboa. Ganda na kiini vinatoka, na ndani ya hicho kiini ndimo yalimokuwa mafuta mazuri ya punje, sehemu kubwa ya vitamini B, madini ya chuma na zinki. Kisha analipia kusaga. Anarudi nyumbani na unga mweupe wa kilo 15 au 16. Kilo 4 au 5 zilizobaki ni pumba, nazo zinanunuliwa na mfugaji wa kuku au wa nguruwe, ambaye anazichanganya na dagaa wa kusaga kisha anapata kuku wenye afya. Mfugaji yule hana kosa, anaijua biashara yake. Tatizo ni kwamba tumemwachia kuku kiini na dagaa, sisi tukabaki na weupe. Kwa nyumba inayosonga kilo 2 za unga kwa siku, kile kilichobaki mashineni ni chakula cha siku mbili nzima, na juu yake kuna ile fedha ya kukoboa, ambayo kwa maneno mengine ni ada ya kupunguziwa.

Najua dona lina sifa mbaya. Tulilila shuleni, tukalila jandoni na kambini, na wengine wameapa kwamba wakipata kazi hawataligusa tena. Nawaelewa, na simlazimishi mtu. Tena lazima niseme upande wake mgumu: dona halikai sana, kwa sababu yale mafuta ya kiini yakikaa muda mrefu hugeuka machungu, kwa hiyo lisagwe kidogo kidogo, la wiki moja au mbili. Pia dona linadai mahindi safi kuliko sembe, maana kukoboa hupunguza kiasi fulani cha sumukuvu, yaani ile sumu inayotokana na ukungu. Hilo si jambo la kupuuza hata kidogo. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walipoteza maisha kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi waliyoyavuna wenyewe, na Kenya mwaka 2004 walikufa watu 125. Kwa hiyo mahindi yaanikwe juu ya turubai, yasitandazwe kwenye udongo mtupu. Yakauke mpaka ukiuma punje inakatika kwa sauti. Na yachambuliwe, punje zenye ukungu au zilizosinyaa zitupwe kabisa, wala wasipewe kuku, kwa sababu sumu hiyo huwadhuru na wao. Usifikiri kwamba kuchemsha kutaiondoa. Haiondoki kwa moto wa jikoni.

Wanaoona natia chumvi wafikirie Iringa, Njombe na Rukwa. Hiyo ni mikoa inayolisha nusu ya miji yetu, ghala zake zimejaa mahindi, na bado utafiti ule ule wa mwaka 2022 uliiweka mbele kabisa kwa udumavu wa watoto; Iringa, zaidi ya nusu ya watoto walio chini ya miaka mitano walikutwa wamedumaa. Ghala lililojaa chakula cha aina moja halimtoshi mtoto.

Sasa nizungumzie moyo na mfuko kwa pamoja, kwa sababu kuna utafiti mmoja uliovigusa vyote viwili. Ulifanyika Australia, ukaongozwa na Profesa Felice Jacka, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2017. Walichukuliwa watu 67 waliokuwa na sonona, ile huzuni nzito inayokaa wiki kwa wiki, ambao pia mlo wao ulikuwa duni. Wengi wao walikuwa tayari wanatibiwa, na matibabu yao hayakusimamishwa. Nusu yao walipata mtaalamu wa lishe wa kuwaelekeza kula nafaka zisizokobolewa, mikunde, mboga, matunda, samaki, karanga na jamii zake, na kupunguza vyakula vya viwandani, vya sukari na vya kukaangwa. Nusu nyingine walipata mtu wa kukaa nao, kuongea nao na kucheza nao michezo ya mezani, kwa muda ule ule. Baada ya wiki 12, katika kundi la chakula karibu mtu mmoja kati ya watatu alikuwa ametoka kwenye sonona. Katika kundi la mazungumzo walikuwa asilimia 8. Nawaomba mzingatie kwamba utafiti huu ulikuwa mdogo na haujamaliza maneno yote. Lakini watafiti wale walifanya pia hesabu ya kikapu, na hapo mimi mtunza hazina nikakaa vizuri kwenye kiti. Kabla ya utafiti, washiriki walikuwa wakitumia wastani wa dola 138 za Australia kwa wiki kwa chakula na vinywaji. Mlo mpya uligharimu dola 112. Ulikuwa bora, na ulikuwa rahisi zaidi.

Je, hesabu hiyo inasimama hapa Morogoro? Nimefungua daftari la mmoja wetu, ambaye amenipa ruhusa nilisome bila kumtaja. Ni nyumba ya watu 6. Kila asubuhi wananunua maandazi 10 kwa shilingi 200 kila moja, ambayo ni shilingi 2,000 kwa siku na shilingi 60,000 kwa mwezi. Sukari, kilo moja kila baada ya siku tatu. Nikakaa na kalamu: kilo moja kwa siku tatu, kwa watu 6, ni takriban gramu 55 kwa mtu kwa siku, karibu vijiko 14 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi, kwa mtu mzima, takriban gramu 50, na bora zaidi ikiwa chini ya 25. Nyumba ile ilikuwa imevuka kiwango cha juu kabla ya kuhesabu soda za Jumapili, na walimo watoto wadogo ambao kiwango chao ni kidogo zaidi. Kifungua kinywa cha unga mweupe, mafuta na sukari humeng'enywa upesi. Saa nne asubuhi njaa imesharudi, mwalimu anamwona mtoto anasinzia au anachokoza wenzake, na anamwandika mtukutu.

Tuliporekebisha, hatukumwambia aache kila kitu, kwa sababu nyumba haigeuzwi kama chapati. Siku nne za wiki maandazi yakapisha viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha, na siku nyingine uji wa dona uliotiwa karanga za kusaga. Sukari ikashuka hadi kilo moja kwa wiki. Wiki mbili za kwanza baba alilalamika, ya tatu akanyamaza, na sasa akinywa chai ya ugenini anasema ni tamu mno. Fedha iliyobaki ilinunua dagaa, mboga na parachichi. Mume na mke walinieleza, kila mmoja kwa wakati wake, kwamba ugomvi wa asubuhi umepungua. Siwezi kuwathibitishia ni kiasi gani kilitokana na chakula na kiasi gani kilitokana na wao kukaa pamoja kwenye daftari moja. Huenda ni vyote, na vyote nimevifurahia.

Hapa niseme na akina baba, kwa heshima. Katika madaftari mengi ninayosoma kuna hela ya mboga inayoachwa mezani asubuhi, na hiyo ndiyo inayoandikwa. Ile supu na chapati mbili za barabarani, ile nyama ya jioni na wenzako, ile soda ya kusindikizia, hazimo. Nimewahi kumwomba mzee mmoja aandike kwa wiki moja tu kile anachokula nje. Alipojumlisha, chakula chake peke yake kilikaribia kile alichokuwa anawaachia watu watano. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa hajawahi kuona tarakimu hizo zimesimama pamoja. Siku iliyofuata aliongeza hela ya mboga, na akaanza kurudi mapema kula.

Pia kuna ughali ambao hausababishwi na kutojua. Mafuta ya kupima, sukari ya robo, unga wa nusu kilo: ukijumlisha vipimo hivyo mpaka vifikie lita au kilo, unakuta mwenye kipato kidogo amelipa zaidi ya mwenye uwezo wa kununua dumu. Anafanya hivyo kwa sababu fedha yake inaingia kwa siku, na inatoka kwa siku. Kumhubiria mtu huyo kuhusu bajeti bila kumtafutia njia ni kumwongezea huzuni. Nitalirudia jambo hili kabla sijakaa.

Kuhusu jikoni nitasema machache tu, kwa sababu wapishi wako hapa na wananizidi. Dagaa huliwa mzima, na mifupa yake, ndiyo maana anatupa madini ya chokaa ambayo mnofu wa samaki mkubwa hautupi, pamoja na chuma na vitamini B12. Asidharauliwe kwa kuwa bei yake ni ndogo. Maharage, choroko, kunde na mbaazi vilowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, na mkaa wenu utawashukuru, maana muda wa kuchemsha unapungua sana na katika madaftari yote mkaa hauko mbali na unga kwa gharama. Mboga zinazoshuka kutoka Mgeta tunazipata zikiwa na umande bado. Tusizichemshe mpaka zigeuke kahawia, tusizitie magadi ambayo huharibu vitamini, na tusiyamwage maji yake. Dakika chache zinatosha, kisha limau au nyanya. Matunda yaliwe kwa msimu wake, embe wakati wa embe na chungwa wakati wa chungwa, kwa kuwa msimu ndio unaoshusha bei. Ubuyu nao, ule unga wake mweupe usiotiwa rangi wala sukari, una vitamini C nyingi kuliko chungwa kwa uzito ule ule.

Kabla sijafika kwenye pendekezo, nina neno kwa wale wenye huzuni nzito, au wenye mtu wa namna hiyo nyumbani. Chakula kizuri humsaidia mtu, lakini mwenye sonona haambiwi «kula mboga utapona», kama vile mwenye mguu uliovunjika haambiwi atembee. Mtu akikaa zaidi ya wiki mbili hana raha na chochote, halali au analala mno, hataki kula, au anasema maneno ya kukata tamaa ya maisha, apelekwe kituo cha afya na asisimangwe. Nimewaona waliopona. Nimewaona pia waliocheleweshwa kwa kuambiwa wana uvivu.

Sasa pendekezo. Wazee waliopo hapa watakumbuka mwaka 1975, kampeni ya Chakula ni Uhai, iliyofuata ile ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi kuzunguka redio moja, wakasikiliza somo, wakajadiliana, kisha wakaamua wao wenyewe la kufanya kijijini mwao. Nilikuwa mtoto, nakumbuka mama akirudi jioni na kumwambia baba kwamba wamekubaliana kila nyumba iwe na bustani. Kilichonivutia tangu wakati ule ni neno hilo «tumekubaliana». Mama peke yake asingeipata bustani ile.

Kikundi chetu kina hazina. Tumeizoea kwa ada za shule, misiba na mitaji, na iendelee hivyo. Naomba tutenge sehemu yake kila mwaka, wakati wa mavuno ambapo bei za mahindi na maharage ziko chini, tununue kwa pamoja kwa magunia, tukague ukavu wake sisi wenyewe, tuyahifadhi katika mifuko maalumu isiyopitisha hewa, kisha kila mwanachama achukue kwa kilo na kulipa kidogo kidogo kila wiki siku ya kikao, kama anavyorejesha mkopo mwingine. Anayepata fedha kwa siku ataendelea kulipa kwa siku, lakini kwa bei ya gunia. Tukianza na magunia 20 ya mahindi na 5 ya maharage tutajifunza bila hatari kubwa, na nimeandaa makadirio ambayo katibu atawagawia. Naomba pia waliokopeshwa chakula wapewe nafasi ya kusaga dona kwa zamu, mashine moja, siku moja, ili tupunguziwe bei, na anayetaka sembe asizuiwe.

Daftari langu la mwezi uliopita liko pale mezani, karibu na jagi la maji ya ukwaju. Limeandikwa kila kitu, pamoja na soda mbili ambazo sikupaswa kununua. Anayetaka kulisoma alisome, na maswali nitayapokea mpaka saa ya swala.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kuwasilisha.